Siku Nilipowashikisha Madaktari Ukwato

Mmeniuliza mmoja mmoja, kanisani, sokoni, hata kwenye matanga ya mjomba, na wote mmeuliza jambo moja: kama nilipanda ngamia. Sikupanda. Nilimwona ngamia mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekuwa amepanda gari, amekaa nyuma ya pikapu akinitazama kana kwamba mimi ndiye mnyama. Basi naandika haya mara moja ili nisirudie, na ili mke wangu naye apumzike kuyasikia.

Kazi yangu mnaijua. Miaka kumi na minne nimekuwa kwenye mazizi ya farasi upande wa Karen, kwanza nikiwa saisi wa kusugua migongo, kisha fundi wa kwato: kuzikata, kuzisawazisha, kuzipigilia viatu vya chuma. Na ilikuwa ile miaka ambayo kila ghorofa ya pili mjini Nairobi ilikuwa na ofisi ya kupeleka watu Saudia, dada zetu wakienda kufanya kazi za nyumbani, ndugu zetu kuendesha magari na kulinda mageti. Mimi niliitwa kwa heshima zaidi. Tajiri mmoja wa Riyadh alitaka mtu wa kuwafundisha mafundi wake na madaktari wake wa mifugo jinsi ya kutunza kwato. Mwalimu! Nilinunua hadi shati la mikono mirefu.

Nairobi hadi Riyadh

Ndegeni nilikaa kando ya dada mmoja wa Kakamega, anaitwa Nafula. Yeye na wenzake zaidi ya ishirini walikuwa wamevalishwa mitandio ya rangi moja na wakala wao, ili wasipotee, au ili wakipotea wajulikane ni wa nani.

"Umeandikwa kazi gani, kaka?" akaniuliza.

"Mwalimu wa kwato za farasi."

Akanitazama. "Mimi nimeandikwa nyumba ya watu wanne. Yule pale amewahi kwenda, anasema nikifika nitawakuta kumi na mmoja. Sasa wewe sijui utakuta nini."

Tulifika asubuhi tukakalishwa ukumbini kungoja wenyewe, neno ambalo nyumbani tunalitumia kwa ng'ombe. Saa zikapita. Wale dada wakachukuliwa mmoja mmoja. Madamu wa Nafula alikuja kutoka mtaa wa Al-Naseem, akampima juu hadi chini kwa macho, akasema "yalla", yaani twende. Nafula aliniachia nusu pakiti ya biskuti.

"Usilale hapo, kaka," akaniambia akiondoka. "Ukilala watadhani wewe ni mzigo."

Nilikula biskuti zote nikiwa nimesimama.

Batha

Aliyenijia mwishowe alikuwa Mpakistani mwembamba aliyeshika kipande cha katoni kilichoandikwa MOTOSA. Mimi ni Mutiso, lakini baada ya saa saba hata angeandika Maria ningemfuata. Akanipeleka Batha, mahali ambapo wageni wa dunia nzima wamejazana: maduka ya simu, maduka ya mablanketi, mabasi ya kwenda kila upande. Tukaingia uchochoroni, kisha kwenye duka pana kama kabati. Ndani mlikuwa na benchi, nyundo, gundi, na mlima wa makubadhi yaliyochakaa.

Mwenye duka, mzee aitwaye Ustadh Rafiq, alinipa kubadhi lililokatika mkanda. Nikaligeuzageuza nikidhani ni desturi yao ya kumkaribisha mgeni.

"Faras?" nikamwuliza, maana kwa Kiarabu farasi ni karibu sawa na kwetu. Aliponyamaza nikalia kama farasi. Nikakwangua sakafu kwa mguu.

Akanihurumia. "Faras mafi," akasema taratibu. Mafi ni hakuna. Akainua lile kubadhi usoni pangu. "Hapa viatu. Viatu, watu."

Nikaelewa. Nairobi nilikuwa nimeandikwa fundi wa viatu vya farasi. Mahali fulani juu ya Bahari ya Shamu, yale maneno mawili ya mwisho yalikuwa yamedondoka.

Mwalimu akashona makubadhi siku tatu. Sitamsema vibaya Ustadh Rafiq: alinifundisha kutia uzi nta, na kila mchana tulikula pamoja maharagwe ya ful kwa mkate mpana kama gurudumu la baiskeli. Alisifu namna ninavyopiga misumari. Nilikuwa nimeanza kupata wateja wangu mwenyewe siku ya tatu, pale dereva mmoja Mkenya alipoingiza kichwa mlangoni akihema.

"Wewe ndiye Mutiso? Bosi anakutafuta tangu Jumapili, bwana! Tunaye mtu mwingine huko, twamuuliza mambo ya farasi, yuaketi juu ya magunia hataki kushuka."

Huyo dereva alikuwa Hamisi, mtu wa Likoni. Na huyo wa juu ya magunia alikuwa mzee wa Kisumu, fundi viatu halisi, tuliyesafiri naye ndege moja. Siku tatu alikuwa akipelekewa farasi awafundishe watu. Siku ya kwanza, alipoonyeshwa ukwato uliopasuka na kuulizwa unahitaji nini, alikuwa ameangalia kutoka mbali na kujibu kwamba unahitaji rangi. Na wakaupaka.

Mazizi nje ya Riyadh

Kafili wangu, yaani yule tajiri aliyenidhamini, aliitwa Abu Rakan, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye ndevu zilizochongwa na sauti ya kumwita mtu aliye kilomita moja hata kama uko ubavuni pake. Alinikaribisha kwa kahawa na tende, akaniomba radhi kwa yaliyotokea, kisha akaniamuru nianze kufundisha saa hiyo hiyo.

Darasa lilikuwa limejipanga lenyewe. Madaktari watatu wa mifugo walikaa kivulini kwenye viti vya plastiki. Mafundi wa kwato sita walisimama juani. Baina yao palikuwa na mita nne ambazo hakuna aliyezivuka. Mkubwa wa madaktari alikuwa Daktari Idris, Msudani mpole mwenye miwani. Mkubwa wa mafundi alikuwa Gul Zaman, Mpakistani mwenye mikono iliyoungua hadi kwenye viwiko, aliyekuwa amepigilia viatu farasi wa nyumba ile kwa miaka ishirini bila kuulizwa maoni yake hata siku moja. Kwa madaktari, mafundi walikuwa wahunzi. Kwa mafundi, madaktari walikuwa watu wa sindano. Farasi alikuwa mali ya wote, isipokuwa mguu wake, ambao haukuwa wa mtu.

Mimi nilijifunza kazi kwa Kiingereza, kwa hiyo nikasema Kiingereza, na Hamisi akatafsiri kwa Kiarabu. Sasa, katikati ya unyayo wa farasi kuna sehemu laini ya pembetatu, ile inayooza upesi usipoisafisha. Waingereza huiita chura. Msiniulize kwa nini.

"Waambie kila asubuhi, kabla ya yote, wasafishe chura," nikamwambia Hamisi.

"Chura?"

"Chura."

"Una hakika, ndugu yangu?"

"Hamisi, wewe tafsiri."

Akatafsiri. Gul Zaman akauachia mguu wa farasi aliokuwa ameushika, akaenda kuchungulia ndani ya ndoo ya maji.

Daktari Idris alicheka hadi akavua miwani. Akainuka kitini, akavuka zile mita nne, akagusa ile sehemu kwa kidole. "Sisi tunaiita tai," akasema. "Mwingereza aliona chura, Mwarabu akaona tai. Kwenu mnaiita nini?"

"Kwetu, daktari, tunaiita kazi."

Hapo nikajiona nimefaulu. Na hapa ndipo niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu tangu nirudi.

Abu Rakan alikuwa na farasi jike mweupe aitwaye Lulwa. Alimpenda kuliko kawaida. Kila alfajiri alikuja mwenyewe kumlisha tende kiganjani, na kwa kuwa Lulwa alikuwa aende Jeddah kuwa mfano kwenye mafunzo makubwa ya mafundi na madaktari, alikuwa anamwongezea shayiri ndoo baada ya ndoo ili ang'are. Asubuhi yangu ya pili nilimwona Lulwa amesimama kama mtu aliyekanyaga bati la moto: miguu ya mbele ameitupa mbele, uzito wote ameurudisha nyuma. Nikaweka kiganja kwenye ukwato. Joto. Nikabonyeza nyuma ya kifundo, pale mshipa unapopita. Ulikuwa unagonga kama mtu aliyefungiwa ndani.

Mafundi mtanielewa, wengine nisikilizeni. Farasi akishiba nafaka kupita kiasi, ile nyama inayoshikilia mfupa ndani ya ukwato huvimba. Ukwato haupanuki, kwa hiyo nyama inaachia, na mfupa unaanza kuzama kuelekea chini. Ukiwahi siku ya kwanza, unaokoa. Kila siku unayochelewa, mfupa unashuka.

"Kuna nini, mwalimu?" Abu Rakan aliuliza. Daktari Idris alikuwa ameshasema ni bega, na sindano alikuwa ameshapiga. "Jumapili Lulwa anakwenda Jeddah. Watu wote watamtazama."

Nilitazama ile ndoo ya shayiri mkononi mwake. Nikakumbuka benchi la Batha.

"Farasi mzuri sana, bosi," nikasema.

Nilisema hivyo siku nne mfululizo.

Riyadh hadi Taifu

Tuliondoka Jumapili alfajiri, Hamisi kwenye usukani, Daktari Idris kando yake, mimi na Gul Zaman kiti cha nyuma, Lulwa kwenye trela. Abu Rakan alitangulia kwa ndege, maana safari ya barabara alisema inachosha. Ni kweli. Ni karibu kilomita elfu moja za mchanga, nguzo za umeme, na mchanga ulioko nyuma ya nguzo za umeme.

Tulisimama mara tatu kwa chai, mara moja kwa sababu Hamisi aligombana na redio, na mara moja kwa sababu Gul Zaman na Daktari Idris walikosana juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe, wakawa wanalizungumza kupitia kwangu, mtu pekee garini asiyejua Kiarabu wala Kiurdu.

Tulipokaribia Taifu trela ikaanza kuyumba. Hamisi akaegesha. Tulipofungua, Lulwa alikuwa amejibana pembeni, ametota jasho, kila mguu wa mbele akiuinua na kuurudisha kana kwamba anaomba asamehewe kusimama.

Daktari Idris akafungua mkoba wake. "Bega limezidi," akasema, akavuta dawa kwenye sindano.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ningeweza kunyamaza tena, na hakuna ambaye angejua.

"Daktari," nikasema, "si bega. Weka mkono hapa."

Akapiga goti barabarani. Nikaupeleka mkono wake kwenye ukwato, kisha nyuma ya kifundo. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Uliona lini?" akaniuliza, bila kuniangalia.

"Siku ya pili."

"Leo ni siku ya ngapi?"

Alisimama, akavua miwani, akasema maneno kwa Kiarabu ambayo Hamisi alikataa kunitafsiria, na bado hajanitafsiria hadi leo. Yote nilistahili.

"Twahitaji barafu," nikasema alipomaliza. "Miguu ikae kwenye barafu mpaka joto lishuke. Nyingi."

"Barafu," Hamisi akasema, akitazama jangwa upande wa kulia, kisha jangwa upande wa kushoto. "Haya. Hebu niitazame."

Aliyetuokoa ni lori la samaki. Lilikuwa linatoka Jeddah kwenda Riyadh, na Gul Zaman aliliona kutoka mbali, akasimama katikati ya barabara ameinua mikono kama anayekamatwa. Dereva, Mbangladeshi mnene aliyevaa kikoi, alishuka akiwa tayari kupigana. Gul akamwonyesha Lulwa. Yule mtu akamtazama farasi, akatutazama sisi. Akapanda nyuma ya lori akaanza kutumwagia barafu kwa koleo la samaki. Tuliijaza kwenye magunia ya chakula cha farasi, tukayafunga kwenye miguu yake, na Gul Zaman na Daktari Idris wakapiga magoti pande mbili za farasi mmoja wakishikilia magunia yasidondoke. Baada ya robo saa niliwasikia wakizungumza. Kwa Kiarabu kibovu cha kazini, lakini bila kupitia kwangu.

Yule dereva alituachia pia samaki wawili wakubwa aina ya changu. Lulwa alifika Taifu akinuka changu.

Huko juu kuna baridi, na nyani wamekaa kando ya barabara wakiomba vyakula kama wa Naivasha. Niliwaonea nyani wale fahari ya nyumbani. Tuliwachoma samaki nyuma ya kituo cha mafuta, tukala na wali kwenye sinia moja, kila nusu saa mtu akiinuka kubadilisha barafu.

Taifu hadi Jeddah

Barabara ya mkato inapita Makka, na mimi si Mwislamu, kwa hiyo kwa ajili yangu tulifuata njia ya kuzunguka. Nilikuwa na farasi mgonjwa trelani, kosa langu mwenyewe, na sasa namcheleweshea matibabu kwa ubatizo wangu. Nikaomba radhi kwa gari zima.

"Kaa kimya, Mutiso," Daktari Idris akasema. "Ulipotakiwa kusema hukusema. Sasa hutakiwi, unasema." Akanipa chungwa.

Jeddah ni joto lililotiwa maji. Mafunzo yalikuwa kwenye uwanja wa farasi nje ya mji: kiyoyozi, mazulia, skrini kubwa, watu kama hamsini. Kama kawaida madaktari mbele na chai, mafundi nyuma na kiu. Mzungumzaji wa kwanza alionyesha picha za kwato za nchi za mvua na matope kwa saa mbili, akawaonya watu wa Jeddah dhidi ya unyevunyevu wa malisho. Watu wa Jeddah waliandika.

Kisha Abu Rakan, aliyekuwa hajui lolote, akatangaza kwa ile sauti yake kwamba aletwe Lulwa. Tukamleta. Alitembea hatua sita kutoka kivulini, na hata mtoto angeona kwamba anaumwa miguu.

"Amefanywa nini farasi wangu?" Abu Rakan akauliza.

Nilimwangalia Hamisi. "Tafsiri kila kitu," nikamwambia. "Usipunguze."

Nikawaambia ni shayiri. Nikawaambia si bega. Nikawaomba kila daktari ashuke kitini na aje na fundi mmoja, wapige magoti wawili wawili, waweke mikono kwenye ukwato wa moto, kisha kwenye ukwato wa farasi mzima tuliyemsimamisha kando, wasikie tofauti. Daktari mmoja mwenye suti alisita kwa sababu ya suruali. Gul Zaman akamtandikia gunia. Walikuja wote. Ilichukua asubuhi nzima, na hakuna aliyerudi kwenye picha za matope.

Mchana wakampiga Lulwa eksirei. Mfupa wa mguu wa kushoto ulikuwa umeshuka. Si sana. Daktari Idris aliupima mara tatu, kisha akamweleza Abu Rakan: ataishi, atatembea, lakini hataruka wala kubeba mtu tena. Abu Rakan akatugeuzia mgongo, akawa anapanga kitambaa chake cha kichwani kwa muda mrefu sana.

Kurudi Riyadh

Tulimwacha Lulwa Jeddah kwa wiki sita kwenye mchanga mzito, Gul Zaman akabaki naye. Kurudi, Abu Rakan hakupanda ndege. Alimwambia Hamisi na daktari watumie gari jingine, akaendesha pikapu yake mwenyewe, mimi kando yake. Saa tatu zikapita. Nilikuwa nimeshapanga sanduku kichwani na nimeshafika Nairobi.

Kiarabu changu kilikuwa bado cha maneno machache, kwa hiyo aliniongelesha polepole kama anavyoongea na farasi, akitia Kiingereza kidogo.

"Idris ameniambia," akasema. "Uliona siku ya pili."

"Ndiyo, bosi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Ningeweza kusema lugha. Ningeweza kusema daktari alikuwa ameshasema bega.

"Niliogopa, bosi. Ndoo ilikuwa mkononi mwako."

Aliendesha. Nguzo za umeme zikapita, nyingi. Kisha akaegesha kwenye kibanda cha chai, akashuka. Nikangoja aniite nikachukue vikombe. Hakuniita. Alirudi navyo yeye mwenyewe, akanipitishia kimoja dirishani, akabaki amesimama pale nje kwenye jua akikoroga chai yake.

"Kesho," akasema, "saa kumi na mbili asubuhi, utapita kwa kila farasi wangu. Nitakuwa nyuma yako. Ukiona kitu, sema."

"Sawa, bosi."

"Nikikasirika, sema tena."

Kesho yake tulipita. Alikasirika kwa farasi wa tatu, akapiga kelele hadi njiwa wakaruka paani. Nilingoja amalize, nikaweka kiganja chake kwenye ukwato, na nikasema tena.